Ukuta wa Mwantumu

Nilibofya mimi. Nianze hapo,
maana mwezi mzima nilisema "kompyuta imeingiwa,"
kana kwamba iliacha mlango wazi yenyewe.

Ilikuwa Jumanne, Pongwe, ofisi ya ushirika wa maziwa,
madumu yanagongana nje,
na barua pepe imejiita ankara ya dawa za kupe.
Na dawa za kupe kweli tulikuwa tunadaiwa.
Mwongo hodari hubisha hodi kwa jina la anayekudai.

Nikabofya. Hakikufunguka kitu.
Nikabofya tena, kwa hasira, mjinga mie.
Chai haijapoa, mafaili yote yamevaa mkia mmoja
wa herufi zisizotamkika,
na kioo kinaniamkia kwa adabu:
lipa ndani ya siku tano, kwa sarafu isiyoshikika.

Lita za wafugaji mia mbili na kumi na saba.
Nani kaleta ngapi, nani kakatwa deni la pumba,
nani maziwa yake yalirudishwa yamechacha.
Yote yamo humo, halijamwagika hata tone,
ila ufunguo anao mtu
asiyejua Pongwe iko upande gani wa dunia.

"Diski ya akiba?" akauliza Semboja, mweka hazina,
kwa sauti ya mtu anayetafuta mapigo ya moyo.
Ya kwanza ilikuwa palepale, imechomekwa ubavuni mwa mashine
usiku na mchana, kwa uvivu wangu wa kuchomoa.
Nayo imevaa mkia uleule.

Ya pili ilikuwa nyumbani, Duga, ndani ya kopo la biskuti,
chini ya kadi za kliniki za wanangu.
Nzima kabisa.
Ya wiki sita nyuma.
Kila Ijumaa nilikuwa nasema: Ijumaa ijayo.

Tukawaita wafugaji.
Wakaja na madaftari yenye madoa ya samli,
na risiti zilizofifia hadi kuwa karatasi tu,
na vichwa vyao.
Mhina akakumbuka lita ambazo ng'ombe wake mmoja
asingezitoa hata angeahidiwa pepo.
Kihiyo akajipunguzia, akaapa alileta kidogo,
kwa woga wa kula haki ya chama.
Semboja aliandika vyote, kalamu inasita.

Ndipo Mwantumu wa Maranzara akasema:
"Mie kuandika sijui. Njooni jikoni kwangu."

Ukutani, juu ya mafiga, mistari ya mkaa,
mmoja kwa kila lita,
ya asubuhi upande wa mlango, ya jioni upande wa kuni.
Na si zake tu: za majirani sita
ambao madumu yao hupitia kwake,
kila mmoja na alama yake,
pembe, jani, duara lenye jicho.
Wiki sita, na nyingine nyuma yake, chini ya masizi.
Ankara gani ingeingia pale?

Nikapiga picha ukuta, mkono unatetemeka.
Akanitazama, kisha akaitazama simu:
"Na hiyo nayo utaiweka mahali pamoja?"

Hatukulipa. Semboja alitaka; kikao kilikataa kwa kura mbili.
Wengi tuliwapata. Waliobaki tulikadiria,
na yuko mmoja hadi leo hanijibu salamu.

Sasa nakala ni tatu.
Moja ofisini, kabatini, haichomekwi ila siku yake.
Moja kwenye kopo.
Moja Muheza kwa dada yangu, ambaye hajui ndani mna nini
na huifuta vumbi kama picha ya harusi.
Kila mwezi naifungua mojawapo, nahesabu majina hadi la mwisho,
maana akiba isiyoonjwa ni tetesi.

Na ankara ikija, nampigia muuza dawa:
"Ni wewe?"
Hucheka. "Ni mimi."
Namuuliza tena.